Nyota Inayofumba Jicho

Nilifika York saa tisa na nusu alasiri, mwezi wa Novemba, na ninyi mnaoishi upande huu wa dunia hamhitaji kuelezwa maana yake: mwanga ulishaanza kuaga. Kutoka Leeds ninakokaa ni kama nusu saa tu kwa treni. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikalala masaa manne, nikaamka na macho mazito, nikajiambia nisipokwenda leo sitakwenda tena. Mwenye kufanya kazi za zamu anajua. Siku ya mapumziko ikikuponyoka, imekuponyoka.

Unatoka stesheni, unavuka mto Ouse kwenye daraja la Lendal, na mbele yako linajitokeza kanisa kuu, York Minster, ambalo ndilo watu wengi huja kulitazama. Mimi nililizunguka. Nyuma yake, mahali patulivu, ipo nyumba ya zamani iitwayo Treasurer's House, na ukutani pana kibao ambacho wapita njia wengi hawakisomi. Kinasema kwamba kutoka dirisha moja la pale kijana kiziwi aitwaye John Goodricke alizichunguza nyota zinazobadilika mwangaza, akaweka msingi wa namna ulimwengu unavyopimwa leo. Kibao ni cha zamani na kinamwita pia bubu, neno ambalo viziwi wenyewe hawalipendi. Mdogo wangu angekuwapo, angelikwangua kwa patasi.

Na ni kwa ajili ya huyo mdogo wangu nilikwenda York.

Sisi ni watu wa Tanga. Mdogo wangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, mimi nikiwa na tisa. Nyumbani tulidhani ni malaria, akapewa dawa za malaria, na siku zikapita ambazo hazikupaswa kupita. Alipona, ila masikio hayakurudi. Shule ya viziwi aliipata akiwa na miaka kumi. Huko akajifunza Lugha ya Alama, kusoma na kuandika, kisha useremala. Leo ana karakana yake, anatengeneza vitanda na milango, na kazi yake ni safi kuliko ya wengi wanaosikia. Mimi nilichukua stashahada ya uuguzi nyumbani, nikaja huku, nikaongeza shahada, nikabaki.

Sasa niseme jambo ambalo si la kujivunia. Kwa miaka saba ya ughaibuni nilizungumza na mama kila Jumapili, na shangazi, na binamu, hata na jirani aliyepita kuomba chumvi. Mdogo wangu nilikuwa namuulizia tu. "Hajambo?" "Hajambo, anakusalimu." Basi. Simu ni kitu cha masikio. Kundi letu la familia kwenye WhatsApp nalo ni sauti tupu: mama hapendi kuandika, shangazi hana miwani, mimi natoka kazini nimechoka, nabonyeza kitufe naongea. Siku moja, katikati ya sauti zetu, mdogo wangu aliandika: "Mimi mnaniletea mistari tu." Alikuwa anaisema ile mistari midogo inayoonyesha kwamba kuna sauti. Nadhani alitania. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha chai cha wodini, na chai ikanishinda.

Haikupita muda tukampokea mgonjwa kiziwi. Nikajitia kimbelembele na alama zangu za Tanga, asielewe kitu, kwa sababu lugha ya alama ya Uingereza ni lugha nyingine kabisa. Hata herufi zake hupigwa kwa mikono miwili. Mkalimani alipofika tulicheka, tukapiga soga, nikamsimulia habari za mdogo wangu. Akaniuliza kama namjua kiziwi wa York.

Goodricke alizaliwa mwaka 1764 Groningen, Uholanzi, katika familia ya Kiingereza yenye nasaba na mali. Uziwi aliupata utotoni kwa maradhi. Bahati yake ni kwamba wazazi hawakumficha. Walimpeleka Edinburgh kwa Thomas Braidwood, mwalimu aliyekuwa na shule ya watoto viziwi, jambo lililokuwa geni zama zile. Kisha akaenda Warrington, shule ya kawaida ya watoto wanaosikia, na huko hesabu zikampenda. Mwaka 1781 alikuwa York na wazazi wake. Jirani yao Edward Pigott alimzidi miaka kumi na moja, alikuwa na vyombo vizuri vya falaki, na akawa rafiki. Nikisoma habari zao najiuliza walizungumzaje. Jibu ni rahisi: waliandikiana. Vijikaratasi vilipita kati ya nyumba mbili.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1782, akiwa na miaka 18, Goodricke aliitazama nyota iitwayo Algol, akaikuta imefifia. Katika daftari lake aliandika kwamba alishangaa. Hakukimbilia kutangaza. Alidhani labda macho yanamdanganya, labda yana kasoro, labda hewa ni mbaya.

Hapo ndipo nilipompenda. Sisi wauguzi tukikuta presha imeshuka ghafla hatupigi kelele kwanza. Tunatazama kama mkanda wa mkononi umelegea, tunapima tena, tunatazama mgonjwa ana rangi gani, tunaandika saa. Kipimo kimoja ni uvumi. Goodricke alipima usiku baada ya usiku, mawingu ya Yorkshire yakimruhusu. Chombo chake kikuu kilikuwa macho yake na saa. Aliilinganisha Algol na nyota jirani zisizobadilika: leo imeizidi hii, imelingana na ile, imepitwa na ile nyingine. Akaandika tarehe, saa, na hali ya anga. Ikawa chati, kama ile inayoning'inia miguuni pa kitanda.

Na chati ikasema. Algol huwaka vile vile kwa zaidi ya siku mbili, kisha huanza kufifia. Kwa muda wa saa tano hivi inashuka mpaka inabaki kama theluthi moja ya mwangaza wake, halafu inapanda tena kwa saa tano nyingine. Kutoka kufifia kumoja hadi kufifia kwingine ni siku 2, saa 20 na dakika 49, bila kukosa. Hesabu yake ya kwanza ilipishana na hiyo ya leo kwa dakika chache tu. Kwamba Algol hubadilika, Mwitalia Geminiano Montanari alishaliona zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Lakini mapigo yake hakuna aliyekuwa ameyahesabu.

Mwaka 1783 Goodricke alipeleka taarifa yake Royal Society ya London, na humo akathubutu kutoa sababu. Huenda, alisema, kuna kitu kikubwa kinachoizunguka Algol na kupita mbele yake. Au huenda upande mmoja wa nyota una madoa, nayo inajizungusha. Mwaka huo huo walimpa nishani ya Copley, heshima kubwa waliyokuwa nayo. Alikuwa na miaka 19.

Ya kwanza kati ya zile sababu mbili ndiyo sahihi. Waliokulia pwani wazia karabai ya wavuvi wa dagaa usiku, mko mbali ufukweni, na mtu aliye chomboni anapita mbele ya taa. Taa haikupungua mafuta. Mtu kapita tu. Algol ni nyota mbili zinazozungukana, moja kali na nyingine hafifu ila pana. Ile hafifu ikipita mbele inaziba sehemu ya ile kali. Ikipita nyuma, mwangaza nao hupungua, lakini kidogo mno, macho yetu hayaoni.

Ushahidi ulichelewa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Carl Vogel, huko Potsdam, aliuchambua mwanga wa Algol kuwa rangi zake, akaona mistari myembamba iliyomo ndani ya rangi hizo inasogea huku na huku kwa mpangilio ule ule wa siku karibu tatu. Ikisogea huku, nyota inatujia. Ikisogea kule, inatukimbia. Mtu hawezi kwenda mbele na nyuma namna ile kama hashikani mikono na mwenziwe.

Nilipotaka kumweleza mdogo wangu jambo hili nilifanya kosa la mtu anayesikia. Nikamwandikia habari ya king'ora cha ambulansi: kikija sauti ni nyembamba, kikiondoka inakuwa nzito. Akanijibu kwa alama ya kuuliza moja. Nikaona haya. Kesho yake akaandika mwenyewe: "Kama ngalawa? Ukienda kinyume na mawimbi yanakugonga haraka haraka. Ukienda nayo yanakugonga taratibu." Nimesoma vitabu kadhaa juu ya jambo hili tangu siku hiyo, na sijaona mfano bora kuliko wa ngalawa.

Lakini nimeruka. Turudi York, palipokuwa na baridi.

Nilisimama nje ya ile nyumba mpaka taa za barabarani zikawaka. Kengele za Minster zikapiga, nikazisikia mpaka kifuani, na nikawaza kwamba yule kijana aliishi chini ya kengele zile na hazikumhusu. Mwaka 1784 Pigott aligundua nyota nyingine inayobadilika, Eta Aquilae, na Goodricke akagundua mbili zaidi, Beta Lyrae na Delta Cephei. Mwezi wa Aprili 1786 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Tarehe 20 Aprili akafa. Alikuwa na miaka 21. Watu hupenda kusema ni baridi ya usiku pale dirishani iliyomuua. Mimi nimeona nimonia nyingi, na siandiki cheti cha kifo kwa hadithi. Alizikwa Hunsingore, kijiji kilicho magharibi ya York. Chuo Kikuu cha York kina koleji yenye jina lake, na wanafunzi wanaokaa humo, naamini, wengi wao wanaijua zaidi baa yake.

Ile Delta Cephei ni habari tofauti kabisa na Algol, na ndiyo iliyobeba uzito mkubwa baadaye. Hakuna kinachoipita mbele. Yenyewe inavimba na kunywea, kila siku 5 na saa 9 kasoro kidogo. Fikiria sufuria ya ubwabwa na kifuniko chake. Mvuke ukibanwa unakiinua kifuniko, ukitoka kifuniko kinashuka, unabanwa tena. Ndani ya nyota ya namna hii kuna tabaka la heliamu linalobana joto kisha kuliachia, na nyota nzima inapanda na kushuka. Inang'aa upesi, inafifia polepole.

Aliyefungua siri yake ni mwanamke, na naye alikuwa mzito wa kusikia. Henrietta Leavitt alifanya kazi katika kituo cha kuangalia nyota cha Harvard, Marekani, akikagua vioo vya picha zilizopigwa Peru, kulinganisha vitone vya nyota kioo kwa kioo. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25 zilizomo katika kiwingu cha nyota kinachoitwa Wingu Dogo la Magellan, kwamba nyota ya aina hii ikichukua siku nyingi zaidi kukamilisha pumzi moja, basi kwa asili yake ni kali zaidi. Maana yake ni kubwa. Ukihesabu siku, unajua taa ni ya nguvu gani. Ukijua nguvu ya taa na ukaiona ilivyo hafifu, unajua iko mbali kiasi gani. Mwaka 1923 Edwin Hubble aliipata nyota ya aina hiyo ndani ya kile kilichoitwa wingu la Andromeda, akapiga hesabu, akakuta liko nje kabisa ya galaksi yetu. Ulimwengu ukapanuka kwa sababu ya nyota inayopumua.

Siku hizi kazi kubwa inafanywa na setilaiti. Kepler na baadaye TESS zimetazama nyota nyingi kwa pamoja, zikisubiri mwangaza upungue punje, kwani sayari ikipita mbele ya nyota yake hufanya kile kile anachofanya mwenza wa Algol, kwa kiasi kidogo sana. Hata hivyo watu wa kawaida hawajafukuzwa. Uingereza wapenzi wa nyota hizi wamejipanga tangu 1890, Marekani tangu 1911, nao hupeleka makadirio ya macho yao yakaungana na ya wengine. Mtakumbuka mwanzoni mwa 2020, wiki chache kabla ya wodi zetu kujaa korona, nyota nyekundu ya Betelgeuse ilififia mpaka mtu yeyote aliyeinua uso akaiona imebadilika. Wengine walisema italipuka. Wanafalaki waliichunguza wakakuta imetema vumbi lililoiziba. Mimi ile sikuiangalia. Nilikuwa natazama chini.

Niliporudi kutoka York nilimtumia mdogo wangu picha ya kile kibao, na maelezo marefu, yote kwa maandishi. Ilinichukua saa nzima kwenye treni na kitandani. Alijibu usiku ule ule. Hakuuliza habari za nishani wala Royal Society. Aliuliza: "Huku inaonekana?"

Inaonekana. Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Algol iko kaskazini, lakini si kaskazini mno. Kwa mtu wa Tanga, Novemba na Desemba usiku, inapanda karibu nusu ya mbingu. Muongozo ni Kilimia, kile kishada ambacho wakulima wetu walikitazama kujua majira. Ukisimama umeelekea kaskazini mwendo wa saa nne usiku, Kilimia kikiwa juu, shuka kama ngumi mbili za mkono ulionyooshwa, kidogo kushoto. Hiyo hapo. Kwa walioko Muscat, London au Toronto inapita karibu na utosi.

Jina lake limetoka kwenye Kiarabu, ras al-ghul, kichwa cha zimwi, na walioko Oman hawahitaji tafsiri yangu. Mama aliposikia kwamba watoto wake wawili wanatazama kichwa cha zimwi usiku aliniambia, kwa sauti kama kawaida yake: "Mwanangu, umekwenda Ulaya kusoma uuguzi au kupiga falaki?" Kwetu neno falaki lina harufu ya ramli na ubani. Nikamweleza kwamba hatutabirii mtu, tunaitabiria nyota tu. Akasema afadhali.

Mdogo wangu hakulipenda jina la zimwi. Kama viziwi wanavyompa kila mtu jina lake la alama, akaipa Algol la kwake: kidole gumba na cha shahada mbele ya jicho, vinakaribiana polepole bila kugusana, kisha vinaachana. Alinitumia video. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Saa za kufifia zipo kwenye majedwali yanayochapishwa na vyama vya wanafalaki. Nikachagua usiku mmoja wa mwisho wa Novemba ambapo Algol ingefika chini kabisa saa moja jioni ya Uingereza, saa nne usiku ya Tanga. Mimi nilikuwa kazini, kwa hiyo yeye ndiye angeangalia. Nikamwandikia haraka haraka kabla ya kuingia wodini. Asubuhi nakuta jibu: "Nimeamka. Nyota iko chini kwenye minazi. Inawaka kama kawaida. Mbwa tu ndio wameniona." Nikarudia kusoma nilichomwandikia. Niliandika "saa 10 usiku." Miaka saba huku, saa zangu zimegeuka bila mimi kujua! Kijana wa watu aliamka saa kumi usiku, masaa sita baadaye, ameshika tochi na daftari.

Nikaomba radhi. Akasema si kitu, alipata kuona mapambazuko. Kisha akaniuliza lini tena, na hapo ikabidi nimweleze ubaya wa hesabu za Algol: inarudi kila baada ya siku tatu kasoro masaa matatu na kitu, kwa hiyo kila mara inawahi, mpaka inaangukia mchana na haina faida kwa yeyote. Tulisubiri siku ishirini. Safari hii ingekuwa saa tano na dakika arobaini na mbili usiku ya kwao, na niliandika kwa maneno, siyo tarakimu.

Tulikubaliana kuangalia sote wawili. Nilimchorea ramani ndogo yenye nyota tatu za kulinganishia. Ya kwanza, Almach, inalingana na Algol ikiwa mzima wa afya. Ya pili, Epsilon Persei, ni hafifu kiasi. Ya tatu, iliyo kwenye Pembetatu, ni karibu sawa na Algol ikiwa chini kabisa. Nilidhani kupambanua viwango vya mwangaza kutamsumbua. Akaniambia kazi yake ni kulinganisha vanishi ya mlango wa leo na mlango wa mwezi jana. Hii ni rahisi.

Usiku ulipofika, Leeds ilifunikwa na wingu kama blanketi la hospitali, la kijivu, lisilo na tundu. Nilitoka uani mara nne. Nikakaa jikoni na chai na simu mezani. Na simu ikawa inaleta maandishi.

Saa mbili: "Sawa na Almach, labda kidogo chini." Saa tatu: "Imeshuka." Saa nne kasoro dakika kumi: "Sasa sawa sawa na ya pili." Saa tano: "Imepitwa na ya pili. Mama ametoka, anauliza natazama nini. Nimemwonyesha." Saa tano na nusu: "Sawa na ya Pembetatu. Jicho limefumba." Kisha kimya kirefu, nikadhani amelala. Saa saba na dakika ishirini usiku wa kwao, huku saa nne ikiwa imeshapita, likaja: "Imerudi. Sawa sawa na ya pili."

Wakati wa kufumba kwenyewe, mwangaza hutulia, hivyo ni vigumu kusema dakika ipi hasa ndiyo ya chini. Wanafalaki huchukua njia nyingine: unaandika saa nyota iliposhuka ikalingana na jirani fulani, na saa ilipopanda ikalingana na jirani yule yule, kisha unachukua katikati. Nikachukua bahasha ya bili ya umeme nikapiga hesabu nyuma yake. Katikati ya saa nne kasoro kumi na saa saba na dakika ishirini ni saa tano na dakika thelathini na tano. Jedwali linasema arobaini na mbili. Mdogo wangu, kwa macho matupu, kutoka uani kwetu, palipo na kamba ya nguo na banda la kuku, alikosea kwa dakika saba. Na nuru aliyoipima ilitoka huko iliko miaka 90 hivi iliyopita, kabla mama hajazaliwa.

Asubuhi yake aliituma picha ya daftari lake kwenye kundi la familia. Mistari imenyooka kwa rula ya useremala, saa upande mmoja, nyota upande wa pili. Shangazi alijibu kwa sauti. Binamu kwa sauti. Mama naye akatuma sauti, kisha nikaona ujumbe wake umefutwa. Ilipita kama robo saa. Yakaja maneno, yote herufi kubwa: "NA MIMI NILIIONA."

Mdogo wangu alikuwa ameshapiga hesabu ya zamu inayofuata bila kuniuliza. Akaniandikia pembeni: siku tatu zijazo, saa mbili na nusu usiku ya kwetu, saa kumi na moja na nusu jioni ya kwako, tazama mawingu yako mapema.

Siku hiyo nilikuwa na zamu ya mchana. Nilimwomba mwenzangu mmoja anishikie wagonjwa kwa dakika kumi, nikatoka na sare yangu hadi maegesho ya magari nyuma ya jengo, mahali ambapo taa moja imeungua na hakuna aliyeishughulikia. Palikuwa na baridi kali na anga safi. Ilinichukua muda kuitafuta, kwa sababu huku mpangilio wake umepinduka. Nilipoipata nilivua glavu ili niweze kuandika.